Motokaa Iliyovutwa kwa Kamba

Wako wasomi katika Nyanda za Juu za Kusini, na miongoni mwao wamo walimu, wasiochoka kusema kwamba Mjerumani ndiye aliyeileta motokaa katika nchi hii, na kwamba kwa hilo anastahili shukrani. Ushahidi wao hauna budi kuanzia kwa Paul Graetz, ofisa wa jeshi la Kijerumani, aliyeondoka Dar es Salaam kwa motokaa tarehe 10 Agosti 1907 akafika Swakopmund, pwani ya Bahari ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Safari hiyo ni ya kweli. Dai linalotundikwa juu yake ndilo lisilo na kigingi.

Yapasa kwanza kijulikane kiwanda chenyewe. Motokaa ya Graetz ilitoka Gaggenau, mji mdogo wa Baden kando ya mto Murg, katika kiwanda kilichoitwa Süddeutsche Automobilfabrik. Kilianza kusimama kwa jina hilo mwaka 1905, kikitokana na karakana za Bergmann. Graetz alikuwa bado njiani kilipokwisha kufungamana na kampuni ya Benz, na mwisho wa mwaka 1910 kilikuwa kimemezwa chote. Mafundi wake walikuwa hodari. Waliiunda gari ile kwa makusudi, yenye magurudumu makubwa na tumbo lililoinuliwa juu ya mawe na visiki. Lakini kiwanda kilichoishi miaka mitano tu kabla ya kupoteza uhuru wake chawezaje kuitwa mlezi wa usafiri wa Afrika Mashariki?

Na gari yenyewe ilisafirije? Petroli yake iliwekwa akiba njiani kabla haijafika, na katika nchi ya mbung'o, ambamo ng'ombe na farasi hawaishi, mzigo hauna mgongo mwingine ila wa mpagazi. Kwenye mito na matope, gari ilivutwa kwa kamba. Graetz mwenyewe alitoa kitabu mwaka 1910, na picha zilizomo zinawaonyesha wavutaji. Kiasi cha kilomita 9,500 kwa siku 630 ni wastani wa kilomita 15 kwa siku, zikihesabiwa pamoja na siku za kungoja vipuri. Mpagazi mwenye mzigo kichwani alizoea kwenda zaidi ya hapo kati ya alfajiri na adhuhuri, naye hakungoja vipuri kutoka Ulaya.

Iringa na Mbeya zinaingiaje katika habari hii? Haziingii. Graetz alielekea Ziwa Tanganyika kwa njia ya kati. Mji wa Mbeya haukuwapo; ulianzishwa mwaka 1927, siku za dhahabu ya Lupa. Iringa ilikuwa boma la askari, na kusini yake, Ubena na Ungoni, watu walikuwa wakifa njaa baada ya Vita vya Maji Maji, kwa sababu majeshi ya serikali yalichoma mashamba na ghala. Mwaka ule ule ambao motokaa ya Gaggenau ilipigiwa shangwe, Mbena wa Njombe hakuwa na mbegu ya kupanda. Mwalimu anayemsimulia mtoto wa Njombe habari ya gari bila ya kumsimulia habari ya ghala amemficha nusu ya mwaka 1907, tena nusu iliyo yake.

Lugha nayo ina ushuhuda wake. Wajerumani walituachia "shule", nayo ni kweli. Walituachia "hela", kutoka katika sarafu yao ya "Heller" iliyoanza kupigwa mwaka 1904. Mpinzani atasema kwamba utawala wao ulikuwa mfupi mno hata magari yaache maneno. Basi na aeleze hela: sarafu ile haikutimiza miaka kumi na mitano mikononi mwa watu, na jina lake lingali hai katika kila kibanda cha nchi. Kisa ni kwamba kodi ilimlazimisha kila mtu kuishika. Motokaa haikushikwa na mtu isipokuwa aliyeambiwa avute. Ilikuwa tamasha, na tamasha halizai msamiati.

Aendaye Ipogolo, Iringa, ambako malori hupumzika kando ya Ruaha Ndogo, au Uyole, Mbeya, na atege sikio chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki. Gari ni neno lililotoka Bara Hindi. Motokaa, lori, dereva, breki, gia, spana, tairi, gereji: yote ni Kiingereza kilichotiwa irabu na madereva na mataniboi waliojifunza kazi katika barabara ya Iringa na Mbeya, matope yakiwafika magotini. Neno la Gaggenau halimo.