Shairi la Kuchekesha Nalo ni Shairi

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la shule nipate kusema neno juu ya ushairi. Najua kwamba wengi wakiliona neno hilo hufunua ukurasa wa pili upesi, na hiyo ndiyo sababu hasa ya mimi kushika kalamu. Sisi tuliolelewa kwa vitendawili vya bibi zetu na kwa maneno ya kanga za mama zetu, twaukimbia ushairi kwa nini?

Mwulize mwanafunzi yeyote wa darasa letu, shairi ni nini? Atakujibu bila kusita: vina, mizani, mishororo na beti. Jibu ni sahihi, naye atapewa alama zake. Sasa mwulize, ni shairi gani lililowahi kukuchekesha hata ukalirudia njiani ukienda kuchota maji? Hapo atanyamaza. Tumekuwa kama mtu apimaye upana wa chungu na kina chake, akaandika vipimo vyote katika daftari, wala asionje kilichopikwa ndani.

Maoni yangu ni haya: shairi jepesi kueleweka, lenye mzaha na mchezo wa maneno, si shairi la daraja ya chini. Ndilo mlango wa nyumba, na asiyepita mlangoni hafiki ukumbini.

Nitatoa mfano wa mambo yaliyotokea darasani kwetu muhula uliopita. Tulitakiwa kila mmoja atunge ubeti mmoja. Wengi waliandika juu ya bidii na faida za elimu, nasi tukasikiliza kwa adabu huku tukipiga miayo. Zamu yangu ilipofika nilisoma huu:

Mama kanituma mbuzi, kwa jirani mtaani,
Nikavuta kwa ujuzi, beberu hadi jikoni,
Mama akatoa chozi, kwa kicheko mlangoni,
Nataka kukuna nazi, pembe zanifaa nini?

Darasa zima lilicheka. Sisemi haya kwa kujisifu, maana ubeti wenyewe ni wa mwanafunzi tu. Nasema kwa sababu ya yale yaliyofuata. Mwenzetu mmoja, ambaye siku zote husema kwamba ushairi si kazi yake, aliomba daftari langu ili aunakili. Mwingine akaanza kuhesabu kwa vidole, akatangaza kuwa kila mshororo una mizani kumi na sita. Wa tatu akauliza kama vina vya kati vimetimia, tukavitazama pamoja. Hakuna aliyetuamuru kuhesabu. Tulihesabu kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuupenda ubeti, nasi tulitaka kujua ulivyoundwa.

Lugha yetu ina utajiri mkubwa wa maneno ya namna hii. Mbuzi hula majani, na mbuzi hukuna nazi. Kaa la jikoni si kaa wa baharini, wala si kule kukaa kitako. Tembo mmoja hung'oa miti, na tembo mwingine huwaangusha wazee kilabuni. Mwenye kuyachezea maneno haya hana budi kuyajua vema, kwa hiyo mchezo huo ni somo la lugha.

Wako watakaosema kwamba mzaha haubebi hekima. Kwa heshima zote, nakataa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa bingwa wa kulichezea neno moja lenye maana nyingi. Wataalamu husema kwamba ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaufikisha sokoni. Lakini mtu huyo huyo alitunga juu ya mapenzi, juu ya shida za maisha, na juu ya ugomvi mzito wa Mombasa na Sayyid Said wa Unguja. Mzaha wenye akili humfikia hata asiyetaka kusikia.

Wala tusidhani kwamba jambo hili liliisha na wazee wa kale. Tazameni majina tu ya vitabu vya washairi wa zama zetu. Theobald Mvungi aliita diwani yake moja Raha Karaha. Chukua neno karaha, likate kichwa, utabaki na raha mkononi! Nyingine aliita Chungu Tamu, na nyingine Mashairi ya Chekacheka. Mohamed Seif Khatib wa Zanzibar aliandika Fungate ya Uhuru. Fungate ni zile siku saba za maarusi baada ya harusi. Basi jina hilo peke yake lamfanya msomaji ajiulize: na siku ya nane je? Hata chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania kilijiita UKUTA kwa kifupi, na nani asiyejua ukuta ni nini?

Najua pia kwamba wako wazee wasiokubali shairi lisilo na vina wala mizani. Kaluta Amri Abedi alituandikia sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, na sheria hizo ni urithi wa kutunzwa. Miaka ishirini baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata sheria hizo, katika Kiswahili cha kila siku, na mabishano makubwa yakazuka. Mimi ni mdogo kuwaamua wakubwa. Ninachouliza ni kimoja tu: je, msomaji alipomaliza, alitaka kurudia?

Lakini nisieleweke vibaya. Si kila mzaha ni shairi. Kumcheka kilema, au kabila la mwenzako, au umaskini wa mtu, si ufundi hata ukatia vina. Wala sisemi tuyatupe mashairi magumu yenye maneno ya kale. Nasema tuyaendee kwa ngazi, na kicheko kiwe kipandio cha kwanza.

Basi nina maombi matatu. Kwa walimu wetu wapendwa: shairi likiletwa darasani, na lisomwe kwa sauti mara mbili kabla ya swali lolote kuulizwa. Shairi lilitungwa kwa ajili ya sikio kwanza. Kwa wazazi: msiache kututegea vitendawili wakati wa likizo, hata kama twajifanya wakubwa. Mtoto aliyezoea kutegua kitendawili haogopi fumbo la mshairi.

Ombi la tatu ni kwa Mhariri. Zamani gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 huko Tanganyika, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na watu wa miji ya mbali wasiojuana kwa sura walijibizana humo kwa beti. Gazeti letu nalo litenge ukurasa mmoja wa majibizano. Mmoja atoe ubeti muhula huu, mwingine amjibu muhula ujao kwa vina vile vile. Atakayeshindwa atakuwa amejifunza, na atakayeshinda atajifunza zaidi, kwa maana atajibiwa tena.

Ili nisiwe mtu wa maneno matupu, naanza mimi. Ubeti wangu wa mbuzi mmekwisha kuuona hapo juu. Beberu bado yuko jikoni, nazi haijakunwa, na mama angali mlangoni. Mwenye jibu na alete.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu