Rwanda itoke, na kura yetu irudi

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Beni, Kinshasa na kila mahali muko,

Nawaandikia kutoka Kibua, kwenye njia ya Masisi kwenda Walikale. Diploma ya chuo kikuu niko nayo, kazi sina. Nikienda shamba ao soko, nalipa kwenye bariyeri. Wenye bunduki wanabadilika, bariyeri inabaki.

Kila anayekuja anasema analeta amani. Kofia za bluu za UN ziko Congo tangu 1999. Jeshi la Afrika Mashariki lilikuja Novemba 2022, mwaka uliofuata likarudi kwao. SADC ikaingia Desemba 2023, na 2025 ikafunga mizigo. Rwanda inasema inajilinda tu, lakini M23 yenye inasaidia ilichukua Goma Januari 2025, na Machi ikafika Walikale-centre. Azimio 2773 la Baraza la Usalama liliambia Rwanda itoe majeshi yake. Kisha wakubwa wakasaini Washington, 27 Juni na tena 4 Desemba 2025, madini yetu yakiwa juu ya meza. Nani aliuliza mama wa Kibua maoni yake?

Sasa tuseme na ile yenye Kinshasa haipendi kusikia. Tangu 6 Mei 2021 tuko chini ya état de siège. Walisema siku 30. Gavana ni jenerali, raia anahukumiwa na korti ya kijeshi. Tarehe 30 Agosti 2023, waumini wa kanisa moja mjini Goma walitaka kuandamana kupinga MONUSCO. Jeshi letu wenyewe likaua watu zaidi ya 50. Mwaka huo huo, 20 Desemba, nchi ilichagua rais. Masisi na Rutshuru hatukupiga kura.

Watatuambia: "Adui yuko mlangoni, munyamaze kwanza." Tulinyamazishwa karibu miaka minne, na adui aliingia. Jenerali hakuzuia Goma kuanguka; alizuia tu sisi kusema kwamba inaanguka.

Wengine wanasema M23 imeleta usalama. Usalama gani wenye mtu anaogopa kufungua mdomo mbele ya jirani? Hao nao hakuna mtu aliwachagua.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu, pamoja, si moja kwanza ingine kesho:

1. Rwanda iondoe askari wake wote na iache kusaidia M23.
2. État de siège iishe, raia wahukumiwe na korti za kiraia.
3. Masisi na Rutshuru wapewe kura yao, na mkataba wowote juu ya ardhi yetu upite kwanza mbele yetu: Mkatoliki, Mprotestanti, Mwislamu, Mkimbangu, wote.

Mwenye yuko mahali mtu bado anaweza kusema, aseme kwa sauti. Huku kwetu, kuandika tu ni hatari. Lakini tukingoja mgeni atuletee uhuru, ataleta bariyeri ingine.

Hatutanyamaza.