Kilimambogo: Kilima au Mlima?

Wahenga walinena kuwa milima haikutani lakini binadamu hukutana. Ndugu msomaji, niruhusu leo niikutanishe milima kadhaa katika ukurasa mmoja, kwa kuwa lipo kosa nililolitenda darasani ambalo sharti nilikiri hadharani.

Nilipokuwa nikifundisha katika mtaa wa Landless, mjini Thika, mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi aliandika katika insha yake kwamba kila asubuhi jua huchomoza nyuma ya Mlima Kilimambogo. Nilipiga mstari mwekundu chini ya neno "mlima". Pembeni nikamwandikia kuwa kilima hakiwezi kuwa mlima, kisha nikampunguzia alama. Mtoto hakubisha. Alitazama dirishani, upande uliko mlima wenyewe, akalichukua daftari lake akaenda kuketi. Tangu siku hiyo swali halijanitoka: ni nini hasa kinachokifanya kilima kihesabiwe kuwa mlima?

Kalamu yangu iliegemea kanuni tunayoifahamu sote. Mlango ukidogeshwa huwa kilango, mdudu huwa kidudu, na mlima huwa kilima. Kamusi zetu nazo hufafanua kilima kuwa mlima mdogo. Kanuni hiyo si ya uongo. Kosa langu lilikuwa kuifanya rula ya kupimia majina ya mahali.

Tutazame Kilimanjaro. Asili ya jina hilo ingali inajadiliwa na wataalamu, lakini sehemu ya kwanza inasikika wazi kama "kilima". Huo ndio mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, wenye mita 5,895. Kule Kwale kuna Mrima, jina linalofanana mno na "mlima", nao una takribani mita 300 tu. Lau kiambishi kingekuwa kipimo, Mrima ungekuwa mzazi na Kilimanjaro mtoto wake! Aidha, tusikilize upatanisho wa kisarufi. Hatusemi Kilimanjaro "kimefunikwa" na theluji, bali "umefunikwa". Ulimi wa msemaji umekwisha kuamua, hata kabla ya mwalimu kushika kalamu.

Hali kadhalika, lugha za majirani zetu zinatufunza jambo. Katika Kikuyu, kĩrĩma ni mlima kamili, wala si mlima mdogo. Anayetaka kuudogesha hutumia ka- akasema karĩma, na huko Othaya, Nyeri, kipo kilima kiitwacho Karima. Katika Kikamba, kĩĩma ndilo neno la kawaida, kama lisikikavyo katika jina Kiima Kimwe, karibu na mji wa Machakos. Katika lugha hizi ki- ni alama ya ngeli tu, sawa na ilivyo katika "kisima" na "kisu" zetu. Nani aliyewahi kudhani kwamba kisima ni msima mdogo? Kilimambogo umesimama katika Kaunti ya Machakos, ng'ambo kidogo tu ya Thika, mahali ambapo Kikuyu, Kikamba na Kiswahili huishi pamoja. Wamaasai nao waliuita Ol Doinyo Sabuk, yaani mlima mnene. Hilo si jina la kitu kidogo.

Huenda mtu akasema tuachane na majina, tupime kwa mita. Haya, tupime. Kilele cha Kilimambogo kiko mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Lakini Thika yenyewe iko karibu mita 1,500, ilhali Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza na Uskoti, una mita 1,345. Kwa kipimo cha bahari, basi, muuza mboga aliyeketi kando ya barabara ya Landless ameketi juu kuliko kilele hicho! Tukipima kutoka ardhi ya jirani, Kilimambogo umeinuka takribani mita 600. Marekani iliwahi kutumia mpaka wa futi 1,000 za mwinuko wa aina hiyo, yaani kama mita 305, kisha ikauacha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hata wenye vyombo vya kupimia hawakuweza kukubaliana.

Maoni yangu ni kwamba mlima huhesabiwa na wanaoishi chini yake. Wakikuyu waliuita Kianjahi, jina linalohusishwa na njahi na msimu wa mvua kubwa. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anautaja miongoni mwa milima iliyoaminiwa kuwa makao ya Ngai. Inasimuliwa pia kwamba William Northrup McMillan, mlowezi tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925, alitaka azikwe kileleni. Chombo kilichobeba jeneza kikashindwa kupanda, naye akazikwa ubavuni, ambako kaburi lake liko hadi leo. Mahali panapotazamiwa mvua, panapoelekezewa sala na panapowashinda matajiri, je, paitwe padogo kwa sababu ya silabi moja?

Sisemi kwamba kila kichuguu sasa kiwe mlima. Tuendelee kufundisha mlima na kilima kama nomino za kawaida, na udogo wake tuufundishe vilevile. Ila majina ya mahali yana historia na sarufi yake, na "Mlima Kilimambogo" ni sahihi kama ulivyo sahihi "Mlima Kilimanjaro", ambao sijamwona mwalimu yeyote akiusahihisha.

Jina Landless ni la Kiingereza, na maana yake ni wasio na ardhi. Mtoto yule wa Landless alikuwa na mlima dirishani mwake, nami nikampunguzia alama kwa kuutaja. Alama ile siwezi kuirejesha tena. Ninachoweza ni kuwaomba walimu wenzangu, na wale wanaojiandaa kuwa walimu, kwamba kabla ya kupiga mstari mwekundu chini ya jina la mahali, tuwaulize kwanza wenyeji wanapaitaje na kwa nini.

Naomba kutoa hoja.