Bastola Ikianguka, Tumlaumu Nani?

Juzi nikitoka Likoni kwenda Ukunda, matatu iliruka tuta na simu ya jirani yangu ikamponyoka. Kioo kikapasuka. Tukampa pole, yakaisha. Nami nikawaza: je, ingekuwa ni bastola iliyoanguka?

Mimi ni mtu wa programu, si mtu wa silaha, lakini swali hili ni la fundi yeyote. Bastola nyingi za kisasa hazina nyundo. Ndani mna pini inayosukumwa na springi, na kinachoizuia isigonge risasi ni vipuri vidogo tu. Glock, iliyochaguliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, iliwekewa vizuizi 3. Kimoja ni kijilimi kilicho kwenye triga yenyewe: kidole kisipokibonyeza, triga hairudi nyuma.

Sasa tazama SIG Sauer P320. Januari 2017 ilishinda zabuni ya jeshi la Marekani, na majaribio ya kawaida ya kuangushwa ilikuwa imeyafaulu. Agosti mwaka huohuo, watu waliiangusha ikatua kwa mgongo, imeinama kama digrii 30, ikafyatuka. Sababu? Uzito wa triga. Bastola iliposimama ghafla, triga iliendelea na safari yake kana kwamba imevutwa na kidole. Kampuni ikatangaza mpango wa hiari wa kuzirekebisha, ikiweka triga nyepesi.

Wenzangu wa programu mnaijua hadithi hii. Programu inafaulu majaribio yote, halafu mteja anabofya mahali ambapo hukuwazia. Ukimlaumu yeye unajidanganya. Kitu kikianguka hakichagui pembe iliyoandikwa kwenye karatasi ya majaribio.

Kumwambia mtu "usiiangushe" ni kumwomba tu, si kumkinga. Hapa Diani, hoteli inayojali wageni haitegemei kibao cha kuonya juu ya nazi. Humwita mkwezi aziangue kabla hazijaanguka zenyewe.

Kenya, anayetaka bastola huchunguzwa kabla ya kupewa leseni. Ni sawa kabisa. Ila kwa maoni yangu, bastola nayo iulizwe: umeangushwa kwa pembe ngapi? Maana risasi ikitoka ndani ya matatu iliyojaa watu, pole haitatosha.

Mwaonaje?