Ghala lenye mpangaji: anayepaswa kufungua mlango ni muuzaji

Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imewafanya wafanyabiashara wayaangalie upya maghala na fremu za maduka za mjini Mbinga na kando ya Ziwa Nyasa. Bei hupatana haraka. Kinachokwamisha mauzo mara nyingi ni mlango: mnunuzi anafika na dalali, mpangaji anakataa kufungua, na wiki zinapita.

Mpangaji huitwa mkorofi. Lawama hiyo si ya haki. Kahawa ya Mbinga huvunwa zaidi kati ya Juni na Septemba. Aliyepanga ghala miezi hiyo ana magunia ya watu yaliyopimwa na kuandikwa. Wageni wakipita na gunia likakosekana, atakayelipa ni yeye. Mwenye stoo ya dagaa Mbamba Bay au Liuli naye huenda amekwisha lipa kodi ya mwaka mzima, pengine na kilemba juu yake, na habari za kuuzwa jengo amezisikia sokoni. Kwake, kufungua mlango ni kujifukuza mwenyewe.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inamlinda mpangaji akae bila kubughudhiwa. Sheria hiyo hiyo inamtaka amruhusu mwenye jengo au wakala wake kukagua, kwa saa zinazofaa na baada ya kupewa taarifa. Kwa hiyo haki ya kuingia ni ya mwenye jengo. Mnunuzi na dalali huingia kwa mgongo wake tu, na muuzaji anayeficha mauzo ndiye anayejichelewesha.

Dawa yake si ngumu. Muuzaji amwandikie mpangaji barua yenye siku, saa na majina ya watakaoingia. Ukaguzi ufanywe mpangaji akiwepo, nje ya saa za mizani. Mnunuzi naye aweke katika mkataba kwamba malipo yatakamilika baada ya kukagua ndani, na adai maelezo ya maandishi yenye saini ya mpangaji: kodi imelipwa hadi lini, na rafu, mizani na milango ya chuma ni vya nani. Karatasi hiyo ina thamani kuliko kuona kuta, kwa kuwa mauzo hayamwondoi mpangaji. Mnunuzi humrithi pamoja na kodi aliyokwisha kuilipa kwa mwenye jengo wa zamani.

Wako wanaoshauri kubadili kufuli usiku. Huo ni ushauri wa hasara. Shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba, msimu wa kahawa unaweza kwisha ghala likiwa limefungwa, fedha za mnunuzi zikiwa zimelala ndani yake. Barua moja ya taarifa ni nafuu zaidi.