Mafuta ya jero si ujinga

Kila bei zinapopanda, hazipiti siku mbili kabla hajajitokeza mtu wa kumfundisha mama wa nyumbani kuhesabu. Asubuhi yuko redioni, mchana yuko kwenye simu zetu, na mwisho wa wiki unamkuta kwenye semina ya ujasiriamali. Somo lake ni lile lile: tatizo letu si kipato, ni nidhamu ya fedha. Watu wa uswahilini hawajui kupanga. Wananunua mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, sukari robo, umeme wa buku, ilhali wangejibana wakanunua kwa jumla wangeokoa pesa nyingi. Kwa maneno mengine, umaskini wao wamejipimia wenyewe, kijiko kwa kijiko.

Kauli hii nimeisikia miaka mingi, na kwa muda mrefu niliikubali. Hata mimi niliwahi kuisema mbele za watu. Leo nasema si kweli, na nasema inaumiza, kwa sababu inamtupia lawama mtu anayepanga kuliko sote.

Niliishi miaka minne Mbagala, nyumba ya vyumba sita, korido katikati, choo na bafu uani. Jirani yangu wa chumba cha mbele mumewe ni saidia fundi. Siku ya kazi mume anaacha elfu saba ya matumizi. Siku isiyo na kazi anaacha elfu mbili, na zipo siku anaondoka bila kuacha kitu, ameinamisha kichwa. Mke hukaa kwenye kigoda, anazipanga zile pesa juu ya mapaja kabla hajawasha jiko: hii ya unga, hii ya mboga, hii ya mkaa, hii ya ndoo mbili za maji, jero la mafuta. Kisha jero nyingine inafungwa kwenye pindo la kanga. Hiyo haiguswi. Ni ya mchezo wa Ijumaa, na akikosa kuipeleka, wanawake wengine kumi na moja wanakwama.

Halafu anatumwa mtoto dukani. "Shikamoo Mangi. Mama amesema umpe mafuta ya jero na nyanya za mia tatu." Mangi anaitikia, anapima, na kabla mtoto hajageuka anamkumbusha: "Mwambie mama, ile ya Jumanne bado iko daftarini." Mtoto anajua. Mama naye anajua, tena anajua deni hilo ni kiasi gani bila kufungua daftari lolote.

Siku moja nikaamua kupima. Nilimwomba yale mafuta ya jero kabla hayajaingia sufuriani, nikayamimina kwenye chupa tupu ya dawa ya kikohozi ya mtoto, ile ya mililita 100. Yalifika 75. Wakati huo lita nzima, pale pale kwa Mangi, ilikuwa shilingi 6,000. Kwa mtindo wa jero jero lita hiyo inamfikia kwa kama shilingi 6,670. Anapoteza shilingi 670 kwa lita. Akinunua jero kila siku ya Mungu, kwa mwaka amepoteza elfu kumi na nane na ushei.

Ni hasara, sikatai. Sasa tazama hasara nyingine katika nyumba hiyo hiyo. Chumba chake kilikuwa elfu hamsini kwa mwezi. Mwenye nyumba hakutaka kodi ya mwezi, alitaka miezi sita mkononi: laki tatu. Dalali aliyewaonyesha mlango akachukua kodi ya mwezi mmoja, elfu hamsini, kama ilivyo desturi ya Dar es Salaam nzima. Pesa ya dalali peke yake, iliyotoka siku moja, inalingana na hasara ya mafuta ya jero ya karibu miaka mitatu. Sijawahi kusikia semina inayozungumzia elfu hamsini hiyo. Zote zinazungumzia mafuta.

Kiini cha jambo kiko hapo. Familia hii inalazimishwa kununua makazi kwa jumla, ndiyo maana inanunua mafuta kwa rejareja. Laki tatu na nusu ilipatikanaje? Sehemu ilitoka kwenye mchezo, sehemu kwa kaka yake mume aliyeko Lindi, na iliyobaki wakaichukua kwa wakopeshaji wa mtaani, ile mikopo ambayo nchi nzima imeipa jina la kausha damu, unayoilipa kila siku hata kama umeamka na homa. Kuanzia hapo kila siku ya kazi ilikuwa na wadai wawili: mkopo wa kodi iliyopita na akiba ya kodi ijayo. Elfu sita ya lita nzima ya mafuta ingetoka wapi?

Fikiri vizuri kuhusu kodi hiyo ya miezi sita. Mpangaji amelipia mwezi anaouishi na mitano ambayo hajaiishi. Maana yake, kibarua amemkopesha mwenye nyumba laki mbili na nusu bila riba, na ili aweze kumkopesha, yeye mwenyewe amekwenda kukopa kwa riba. Kisha tunakaa redioni kumfundisha jinsi ya kubana matumizi.

Wafundishaji hawa wana kanuni wanayoipenda, ya hamsini, thelathini na ishirini: nusu ya kipato iende kwenye mahitaji, asilimia 30 kwenye unavyovitamani, 20 akiba. Kanuni hiyo ilienezwa na kitabu cha Elizabeth Warren na binti yake, All Your Worth, kilichotoka Marekani mwaka 2005. Kiliandikiwa familia zenye mshahara unaojulikana kila mwezi. Sasa chukua takwimu zetu wenyewe. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, Tanzania Bara, kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ndani ya hizo, chakula peke yake ni 33,748. Hiyo ni zaidi ya theluthi mbili kabla hujalala ndani, hujavaa, hujapanda daladala, hujanunua daftari la shule. Zaidi ya robo ya watu, asilimia 26.4, walikuwa chini ya mstari huo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia atenge asilimia 30 ya anavyovitamani, unamtukana, hata kama hukukusudia.

Kununua kidogo kidogo hakukuanza na mtaa wa leo. Wazee wa pwani walipimiana nafaka kwa kibaba. Vibaba viwili kisaga, vibaba vinne pishi. Methali ya haba na haba hujaza kibaba tunaitaja kila tunapohimizana kuweka akiba, na tumesahau kwamba kibaba ndicho kipimo ambacho mtu wa kawaida alikwenda nacho sokoni. Hakuna aliyemwita mjinga kwa kununua kibaba badala ya pishi.

Kupima kidogo kuna akili yake. Mafuta ya jero yakiisha usiku yameisha, hayamwagiki na hayatumiki mara mbili. Lita nzima ikionekana kwenye nyumba ya vyumba sita, itaombwa, na mama wa watu hawezi kumnyima jirani ambaye juzi alimkopesha chumvi. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño ziliposimamisha viwanda, sukari ikaadimika na kilo ikapita shilingi 4,000. Jirani yangu alifanya marekebisho siku ile ile: kutoka robo akashuka hadi vijiko vya mia mbili, jioni wakanywa uji wa chumvi. Hakusubiri mwisho wa mwezi wala hakungoja mtu amfundishe.

Na pesa taslimu ni kinga. Usiku mmoja mtoto wake wa mwisho alishikwa na homa kali, saa nane. Nilisikia mlango, nikatoka. Mama alikuwa ameshambeba mtoto mgongoni, anafungua pindo la kanga kwa meno. Elfu tano ya bajaji ilitoka pale, pamoja na ya kumwona daktari. Washauri wangefurahi kama pesa ile ingekuwa imeshageuzwa mchele wa kilo 25 chini ya kitanda. Dereva wa bajaji hapokei mchele.

Mwaka 2009 kilitoka kitabu kiitwacho Portfolios of the Poor. Watafiti wake walifuatilia kaya zaidi ya 250 za Bangladesh, India na Afrika Kusini, wakiandika kila pesa iliyoingia na kutoka kwa mwaka mzima. Hawakukuta hata kaya moja iliyotumia njia chini ya nne za kuweka, kukopa na kukopeshana. Kaya ambazo kila mtu aliamini zinaishi siku kwa siku zilikuwa zikiendesha fedha muda wote, kwa sababu kipato kidogo kisichotabirika kinahitaji mpango mwingi kuliko mshahara. Mwenye mshahara anaweza kukosea wiki nzima asilale njaa. Saidia fundi hana nafasi hiyo.

Nenda kwenye umeme, uone jinsi asiye nacho anavyotozwa zaidi bila kosa lake. Mita ya kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, inapata uniti nane na kidogo kwa shilingi 1,000. Kundi la kawaida halipati hata tatu. Nia ya mpango huo ni njema: anayetumia kidogo alipe kidogo. Lakini nyumba yetu ya Mbagala ilikuwa na mita moja kwa vyumba sita. Chukua kila chumba kitumie uniti 30, za taa, feni na kuchaji simu. Kila mmoja kwa nafsi yake ni mtumiaji mdogo. Kwa pamoja ni 180, kwa hiyo wote wanahesabiwa kama tajiri mmoja. Chumba ambacho kingelipa kama shilingi 3,700 kinachangia zaidi ya elfu kumi. Juu ya hapo, kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kwenye ununuzi wa umeme na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inamkata anayeingiza tokeni, naye ni mpangaji. Jengo si lake. Ugomvi wa korido, nani ana friji, nani anaacha taa, unaanzia hapo, na mtu wa nje akiusikia anasema watu hawa hawana ustaarabu.

Kwenye gesi ni hivyo hivyo. Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na ninauunga mkono, maana moshi wa mkaa nimeuona unavyokohoza watoto. Ila msiseme wanawake hawajaelimika. Wanajua gesi inawahi na haichafui masufuria. Mtungi mdogo wa kilo sita unataka pesa yake yote siku moja, mkaa wa kopo hautaki. Mitaa ya Dar es Salaam ilipoletewa gesi yenye mita, unayoilipia kwa simu kidogo kidogo, watu wale wale wa mkaa wa kopo waliwasha gesi.

Wapo wanaopoteza, sitaficha. Mwanamume anayemaliza hela ya mboga kwenye kubeti nimemwona, na mkewe amelia mbele yangu. Huyo asemwe, tena na watu wa karibu yake. Lakini wabetaji wako Masaki pia, na hakuna anayewageuza kuwa maelezo ya bei ya unga.

Kinachohitajika kinajulikana. Sheria imtambue mpangaji kuwa na haki ya kulipa kodi mwezi kwa mwezi, na dalali alipwe na aliyemtuma. Kila chumba kinachopangishwa kama makazi kiwe na mita yake, au uniti za bei nafuu zihesabiwe kwa idadi ya kaya zilizomo. Kodi ya jengo imfuate mwenye jengo. Na ninyi waajiri mnaochelewesha ujira wa vibarua wiki mbili tatu, mjue kwamba kila siku mnayochelewesha kuna mtu anailipia riba.

Kwako mtangazaji mwenzangu unayeandaa kipindi cha nidhamu ya fedha: wiki ijayo mwalike mwenye nyumba studioni, umuulize kwa nini anachukua kodi ya miezi ambayo mtu hajaiishi. Na wewe unayesoma hapa ukiwa na vyumba vyako vya kupangisha, Tabata, Kimara au Mbagala kwenyewe, huna haja ya kungoja bunge. Mpangaji anayekuja kuuliza chumba mwezi huu, mpokee kwa kodi ya mwezi mmoja.