Hofu Hutawala Palipofichwa Jambo

Miongoni mwa maradhi yaudhiyo moyo wa mwanadamu, hapana yaliyo ya kale kuliko hofu, wala hapana yaambukizayo upesi zaidi, kwani mtu mmoja aliyetishika aweza kuitia baridi nyumba nzima, na nyumba chache zilizotishika zaweza kuunyamazisha mji. Wahenga hawakuidharau hofu. Walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nao walisema kweli, maana hofu imhadharishayo mtu na moto, na maji ya kina, na gari lijalo kwa kasi katika barabara ya Jinja, ni neema ya Muumba kwa kiumbe wake. Hofu niikusudiayo leo ni ile nyingine, imfanyayo mtu aache haki anayoijua, atamke uongo anaouchukia, na aishi maisha yasiyo yake kwa kuyaogopa yatakayompata akisimama mahali pake. Kwa hofu hiyo Mkristo ana dawa, nayo ni tawakali kwa Mungu. Lakini dawa hiyo imefahamiwa vibaya na wengi, na baadhi ya watu wameigeuza bidhaa, hata nimeona ni wajibu kuieleza kwa mambo yaliyotukia katika mji wetu huu wa Kampala.

Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari imekuwa sikukuu ya taifa la Uganda, siku ya kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum. Alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, katika nchi ya Waacholi. Akawa mwalimu wa shule, na mwaka 1948 akaokoka katika uamsho ule ambao watu wake huitwa Balokole. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa jimbo la Kianglikana lililokusanya Uganda, Rwanda, Burundi na Boga ya Zaire. Kiti kile kilikuwa cha heshima, walakini kilikuwa pia kiti cha hatari, kwani Idi Amin alikuwa ametwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, na tangu hapo wenye sauti walikuwa wakiondoshwa mmoja baada ya mmoja. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu mwezi wa Septemba 1972, asirudi tena. Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, aliuawa mwezi wa Januari 1973. Jina la Nakasero, palipokuwa na makao ya wapelelezi wa serikali, lilitajwa kwa mnong'ono. Hata lugha hii tuandikayo ilitwishwa dhambi isiyo yake, kwa kuwa askari waliitumia vizuizini na milangoni usiku, na wako wazee wa mji huu ambao hadi leo hushtuka waisikiapo ikisemwa kwa ukali.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, yapata saa saba na nusu, watu wenye silaha walivunja boma la Askofu Mkuu, wakamwelekezea bunduki, wakapekua nyumba yake chumba kwa chumba wakitafuta silaha walizodai kuwa zimefichwa, wasikiache hata chumba cha sala. Wakaondoka mikono mitupu. Nyumba ya Askofu Yona Okoth wa Bukedi nayo ilipekuliwa. Mtu mwingine yeyote, katika nyakati zile, angalishukuru kuiona asubuhi na kufunga kinywa chake. Luwum na maaskofu wenzake waliketi wakaandika barua kwa Rais, ya tarehe 10 Februari, wakaeleza waziwazi yaliyotendeka, na wakamjulisha kwamba bunduki iliyoelekezwa kwa Askofu Mkuu ilikuwa imeelekezwa kwa kila Mkristo katika kanisa lao. Nakala zake walipelekewa wengine wengi wenye vyeo, asipate mtu kusema kwamba jambo lile halikupata kunenwa.

Tarehe 16 Februari waliitwa kwenye viwanja vya Nile Mansions, mahali ambapo leo pana hoteli ya Serena. Walisimamishwa juani wakisomewa mashtaka ya kupanga njama, na silaha zikaanikwa mbele ya kundi la askari waliopiga kelele wakitaka damu. Hatimaye wengine waliambiwa waende zao, Luwum akaambiwa kwamba Rais anamtaka. Askofu Festo Kivengere na Askofu Silvanus Wani walibaki nje wakimngoja, mpaka wakaamriwa kuondoka. Siku iliyofuata ilitangazwa kwamba Askofu Mkuu amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Lakini waliouona mwili wake waliona matundu ya risasi. Ulipelekwa Mucwini chini ya ulinzi ukazikwa huko, na kaburi lililochimbwa kwa ajili yake juu ya kilima cha Namirembe, kando ya kaburi la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885, likabaki tupu. Jumapili ya tarehe 20 Februari maelfu ya watu walikwea kilima kile kusali. Hawakuwa na maiti ya kuzika, wala hawakuwa na hakika ya kurudi makwao salama, lakini walikwenda, wakaimba.

Naomba msomaji atafakari pamoja nami: ujasiri ule ulitoka wapi? Watu hupenda kudhani kwamba ushujaa humshukia mtu saa ya hatari kama umeme, na kwa hiyo wao wakaao kwa amani huungoja, wakiamini kwamba siku ikifika watapewa. Mimi naona mambo yalikuwa vingine. Katika uamsho wa Balokole, ambao ulichipuka Uganda na Rwanda katika miaka ya 1930, ilikuwa desturi ya waumini kukutana mara kwa mara, askofu na mkulima wakiketi pamoja, kila mmoja akiungama mbele ya wenzake uongo aliosema, deni alilokana, chuki aliyoilea, na kisha kwenda kutengeneza alichoharibu. Waliiita kutembea nuruni. Desturi hiyo ilikuwa na makali yake, na wako waliojeruhiwa nayo. Lakini aliyedumu ndani yake miaka ishirini au thelathini alipata faida isiyopatikana kwa fedha, nayo ni kwamba hakubakiwa na kitu cha kuficha.

Hapa ndipo lilipo neno langu. Hofu humtawala mtu kwa kushika kile alichokificha. Mwenye kuficha wizi huogopa mwenye kuujua. Mwenye kuficha udhaifu huogopa siku utakapofichuka. Na mwenye kuficha kwamba hamwamini Mungu sana, ijapokuwa amwimbia kila Jumapili, huogopa kila jambo, kwa kuwa hana pa kuegemea. Tawakali ya Kikristo ni kuyaweka yote mbele za Mungu, na mbele ya ndugu wachache waaminifu, mpaka mshiko wa hofu ukose pa kushikia. Wale wapekuzi wa usiku walitafuta kitu cha kumtishia Luwum, wasikipate ndani ya makabati yake wala ndani ya moyo wake. Na kwa hiyo aliweza kuandika barua ile. Serikali iliyokuwa na majeshi na magereza ndiyo iliyolazimika kuficha, ikabuni ajali ya gari. Nani basi kati ya wawili hao alikuwa na hofu zaidi?

Mtu ataniuliza, na swali lake ni la haki: ikiwa alimtegemea Mungu, mbona Mungu hakumwokoa? Nami sitamjibu kwa wepesi, kwani Luwum alikuwa na mke na watoto, na machozi yao yalikuwa machozi ya kweli. Nitasema hili tu, kwamba Ukristo haukupata kuahidi kwamba mwenye kumtegemea Mungu hatapatwa na risasi. Bwana wetu mwenyewe, katika bustani ya Gethsemane, aliingiwa na huzuni kuu, akaomba aepushwe na mateso, kisha akayatia mapenzi yake chini ya mapenzi ya Baba, naye hakuepushwa. Hofu yake haikuwa dhambi, wala kuomba kwake hakukuwa upungufu wa imani. Alilopewa ni nguvu ya kuinuka na kuwaendea waliokuja kumkamata. Ahadi ya Mungu kwa mwenye kutawakali ni kwamba hataachwa peke yake, wala kifo hakitakuwa na neno la mwisho juu yake. Na ahadi hiyo ndiyo iliyowasimamisha vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana walioteketezwa pamoja Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, kama vile ukweli wa imani yao ulivyowasimamisha Waislamu waliouawa kwa amri ya Kabaka Mutesa yapata miaka kumi kabla yao.

Wala tawakali si kuuita msiba kwa makusudi. Siku chache baada ya kifo cha Luwum, Askofu Kivengere alipata habari kwamba anatafutwa, naye na mkewe wakavuka milima usiku kwa miguu wakaingia Rwanda. Je, huyu aliogopa na yule hakuogopa? Hasha. Aliyebaki alibaki kwa wito, na aliyekwenda alikwenda kwa wito. Na ushahidi kwamba hofu haikumtawala Kivengere ni kwamba katika mwaka ule ule alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kuwa anampenda Idi Amin. Chuki ni hofu iliyokomaa, na mwenye kuweza kumsamehe adui yake, hata akiwa mkimbizi, amekwisha kuitoka jela ambayo kwayo adui alitumaini kumfunga.

Yamkini msomaji atasema kwamba nyakati hizo zimepita, na kwamba hofu za leo ni ndogo. Kwa mwenye nazo hazikuwa ndogo kamwe. Katika mwaka 1992 kasisi wa Kianglikana, Gideon Byamugisha, aliyekwisha kufiwa na mkewe, alipimwa akaambiwa ana virusi vya UKIMWI. Katika siku hizo maradhi hayo yalihesabiwa kuwa laana, na kiongozi wa dini aliyeugua alitazamiwa kufa kimya akisingiziwa maradhi mengine. Yeye alisema hadharani kwamba anavyo virusi, akawa wa kwanza miongoni mwa viongozi wa dini katika Afrika kusema hivyo waziwazi, akaendelea kuishi na kuhudumu, na wengi waliokuwa wakijificha wakapata ujasiri wa kupimwa na kutibiwa. Hakukuwa na askari mlangoni kwake. Lakini hofu aliyoishinda ni ndugu wa ile ya mwaka 1977, na silaha aliyoishinda nayo ilikuwa ile ile: alikitoa nuruni kile ambacho hofu ingalikishika.

Kwa hiyo huniuma kuona jinsi wengine wafanyavyo biashara ya hofu katika mji huu huu. Mtu aliyefukuzwa kazi, mama ambaye mtoto wake haponi, kijana mwenye deni asilothubutu kumwambia mkewe, huingia mahali pa ibada wakiitafuta amani, wakaambiwa kwamba jirani amewaroga, kwamba ukoo wao una laana, na kwamba chupa ya mafuta au sadaka nono itawafungua. Wakitoka, hofu zao ni nyingi kuliko walizoingia nazo, nao wamejifunza kumshuku shangazi yao. Mafundisho ya namna hiyo, hata yakitajwa ndani yake jina la Yesu mara mia, ni kinyume cha tawakali, kwani humfanya mtu amwogope kila kiumbe na kumlipa Mungu ujira wa ulinzi. Mchungaji mwema angalimkalisha yule kijana chini, akamsindikiza nyumbani akamweleze mkewe habari ya deni, akamtafutia wazee wa kuzungumza na mdai. Hiyo ndiyo huduma ya kufukuza hofu, nayo haihitaji kipaza sauti.

Ushauri wangu kwa Wakristo wenzangu, na kwa kila amwaminiye Mungu, ni mwepesi kuusema na mgumu kuutenda. Tusiingoje siku ya hatari ili tujifunze tawakali. Kila mmoja wetu na awe na watu wawili au watatu wacha Mungu ambao kwao hana siri, awaambie leo lile dogo limwogopeshalo, kabla halijawa kubwa. Aliyesema uongo kazini na aukanushe wiki hii. Anayeogopa majibu ya hospitali na aende kuyachukua akiwa na ndugu mmoja kando yake. Viongozi wa makanisa na wakumbuke kwamba barua ya mwaka 1977 haikuandikwa na mtu mmoja. Ilitoka kwa maaskofu walioketi pamoja, na huenda asingekuwapo Luwum pasipo wenzake, kama vile wenzake wasingethubutu pasipo yeye. Ujasiri wa Kikristo ni wa jamaa.

Na tarehe 16 Februari ijapo, tusiridhike na kumsifu marehemu. Sifa hazimgharimu mtu kitu, na hata waoga wana ndimi za kusifu. Heshima impasayo Janani Luwum ni kila mmoja wetu kulitazama jambo moja alilokuwa akilinyamazia kwa hofu, kumwomba Mungu amtie nguvu, kisha kwenda kulisema kwa ukweli na pasipo chuki kwa yule apaswaye kulisikia.